Shule Iliyoanzia Sokoni

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii husemwa mara nyingi kwa kumlaumu mtoto, kana kwamba ni yeye aliyekataa kufunzwa. Lakini wako watoto ambao mama zao wamefariki, au wamechoka, au wako vibaruani tangu alfajiri hadi usiku ili upatikane unga wa siku hiyo. Watoto hao hawakuyakataa mafunzo ya nyumbani. Nyumba yenyewe ndiyo iliyovunjika. Na ulimwengu unaowafunza hauko mbali na sisi. Ni kituo cha mabasi, ni jaa la takataka, ni baraza za maduka wakati milango inapofungwa jioni.

Katika mji wa Mbale, chini ya mlima Wanale, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa na desturi ya kupita sokoni kila jioni akirudi kwake. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye cheti cha ualimu, mke, watoto watatu, na mshahara uliokuwa ukiisha kabla ya mwezi. Jioni moja mvulana wa umri upatao miaka kumi na mmoja alimsihi amruhusu kumbebea mfuko wake wa viazi kwa malipo kidogo. Walipofika nyumbani mwalimu akamlipa, kisha akamwuliza anasoma darasa la ngapi.

"Mwalimu, mimi nilimaliza," akajibu mvulana.

"Ulimaliza darasa la ngapi?"

"La pili."

Usiku ule mwalimu alimsimulia mkewe jibu hilo kama kichekesho, lakini mkewe hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: "Baba watoto, kama amemaliza la pili, la tatu lake liko wapi?"

Swali hilo ndilo lililozaa shule inayosimuliwa hapa.

Ndoto ya mlimani

Jumapili iliyofuata mwalimu alizungumza na mchungaji wake, na katika muda wa majuma mawili ikaundwa kamati ya watu sita. Wote walikuwa Wakristo wenye nia njema, na wote walipokuwa wakisema neno "shule" walikuwa na picha moja tu akilini: majengo ya matofali juu ya kilima, mabweni, uwanja wa mpira, kengele, na wavulana waliovaa sare nyeupe wakienda kanisani kwa mistari.

Picha hiyo haikutoka hewani. Mashariki ya Uganda si ngeni kwa shule za Kikristo za wavulana. Kusini ya Mbale iko Nabumali, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu na Jinja, juu ya kilima kinachotazama ziwa, iko Mwiri, ambayo ilianzishwa na wamisionari hao hao mwaka 1911 mahali pengine katika Busoga, kisha ikahamishiwa kilimani hapo katika miaka ya 1930. Jina lake la kwanza lilikuwa Balangira, yaani wana wa watawala, na jina hilo lilisema waziwazi shule hiyo ilikuwa ya nani: watoto wa machifu. Baadaye milango ilipanuka. Milton Obote, aliyekuwa Waziri Mkuu Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, alikuwa mwanafunzi wa Mwiri.

Hakuna haja ya kuzidharau shule hizo. Zimetoa madaktari, mahakimu, walimu na maofisa wengi wa serikali. Lakini yafaa kuutambua mpango wake. Mpango ulikuwa kumtoa mtoto nyumbani kwao, kumpandisha mlimani, kumtenga na kijiji kwa miaka kadhaa, na kumrudisha akiwa mtu wa kuamuru. Mtoto huyo alikuwa na nyumba ya kutoka na nyumba ya kurudi. Chakula cha likizo kilimngoja, na jina la baba yake lilijulikana katika wilaya nzima.

Kamati ya Mbale ilitumia miezi miwili ikichora ramani ya mabweni, ikihesabu bei ya mabati, na kuandika barua za kuomba msaada ng'ambo. Mwishoni mwa miezi hiyo walikuwa na ramani nzuri, na hawakuwa na mwanafunzi hata mmoja.

Ndipo mama mmoja mjane, aliyekuwa mjumbe wa kamati na aliyeuza chakula sokoni, akaomba kusema. "Wanangu," alisema, "watoto hawa mimi nawajua, huniosheá vyombo ili wapate ukoko. Mtu mwenye njaa hasikii mwito unaotoka mlimani. Mimi nina sufuria kubwa. Nani ana unga?"

Watokako wavulana hawa

Kabla ya kueleza ile sufuria ilifanya kazi gani, ni vema kujiuliza wavulana hawa wametoka wapi, maana wako wasemao kwamba ni wezi wa kuzaliwa.

Jinja ulikuwa mji wa viwanda. Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 mahali ambapo mto Nile hutoka ziwani, na umeme wake ukaleta viwanda vya nguo, chuma na vinginevyo. Watu walitoka pande zote za Uganda, na hata Kenya, kuja kutafuta kazi, na nyumba za wafanyakazi zikajengwa Walukuba. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, ambao ndio waliomiliki sehemu kubwa ya biashara na viwanda. Mashine zikakosa vipuri, na moja baada ya nyingine zikanyamaza. Wafanyakazi wengi hawakurudi vijijini, kwa sababu vijijini hawakuwa tena na shamba. Watoto wao na wajukuu wao ndio wanaookota vyuma chakavu leo.

Mbale nao ulisifiwa zamani kwa usafi na bustani zake. Lakini mji huo uko kwenye njia ya watu wanaokimbia shida kutoka kaskazini. Njaa kubwa ya Karamoja ya mwaka 1980, vita vya Teso vilivyoanza mwaka 1987, na wizi wa ng'ombe ulioacha maboma matupu, vyote vilisukuma familia kuelekea Mbale, na wengi waliishia Namatala, mahali penye vibanda vilivyobanana. Kisha ukaja ugonjwa wa ukimwi, ambao katika miaka ya 1980 na 1990 uliwaachia mabibi mzigo wa kulea wajukuu. Na mwishoni mwa Julai mwaka 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku, ikaua watu na kubomoa nyumba za wale wale waliokuwa na kidogo.

Tena lipo jambo la shule zenyewe. Mwaka 1997 Uganda ilifuta karo katika shule za msingi za serikali, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini karo siyo gharama pekee. Yapo madaftari, sare, na chakula cha mchana, na mtoto asiye na vitu hivyo huona aibu, na aibu humtoa darasani upesi kuliko fimbo. Halafu, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zilifungwa kuanzia Machi 2020, na madarasa mengi hayakufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Hiyo ni karibu miaka miwili. Mvulana aliyetoka shuleni akiwa na miaka kumi alitakiwa kurudi akiwa na kumi na miwili, naye amekwisha kuonja fedha ya kubeba mizigo. Wengi hawakurudi.

Basi yule aliyesema "nilimaliza la pili" hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa akieleza historia yake kwa maneno mawili.

Sufuria kwanza, ubao baadaye

Jumamosi ya kwanza walikuja wavulana 23 kwenye baraza la nyuma la kanisa. Walikula posho na maharage, wakashukuru, wakaondoka kabla mwalimu hajafuta ubao. Jumamosi ya pili mwalimu akaamua kwamba masomo yatangulie. Nusu yao waliondoka kabla ya chakula, kwa kuwa saa za asubuhi ndizo saa za mizigo sokoni, na mwenye njaa hawezi kukaa saa mbili akitazama herufi. Jumamosi ya tatu yule mama akatoa shauri: kikombe cha uji mara wafikapo, saa moja ya masomo, kisha posho na maharage. Tangu siku hiyo walibaki.

Kwa wale wanaopenda kujua hesabu, na hesabu ni jambo la lazima kwa atakaye kuanzisha kazi kama hii, kamati ilifanya hivi. Kilo moja ya unga wa mahindi ilitosha wavulana wanne, na kilo moja ya maharage makavu ilitosha kumi. Kwa hiyo wavulana 20 walihitaji kilo 5 za unga na kilo 2 za maharage kwa siku. Mafunzo yalipoanza kufanyika siku tano za juma, ikawa kilo 25 za unga na kilo 10 za maharage, pamoja na sukari na unga wa uji, chumvi, na kuni. Kila mjumbe wa kamati alipewa siku yake. Aliyeshindwa siku yake alitakiwa kusema siku mbili kabla, siyo asubuhi ile ile, kwa sababu mtoto aliyezoea kudanganywa akikuta sufuria baridi mara moja tu, hatarudi tena.

Siku moja mvulana mmoja alisimama mlangoni asiingie. "Mwalimu," aliuliza, "hapa mnapiga?"

"Hapa hatupigi."

"Na nikikosea?"

"Utafuta, uandike tena."

Akaingia, akakaa karibu na mlango. Ilimchukua mwezi mzima kusogea hadi benchi la mbele.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na ugumu wake. Mwenye miaka tisa alikaa na mwenye miaka kumi na mitano. Mmoja alizungumza Kimasaaba, wa pili Kiteso, wa tatu Kikaramojong, wa nne Kisoga. Lugha iliyowakutanisha ni Kiswahili walichokipata sokoni na kandokando ya kambi, Kiswahili kilichochongoka, lakini kilichotosha kuanzia. Mwalimu aligundua kwamba vijana hawa walijua hesabu kuliko alivyodhani. Mvulana asiyeweza kuandika tarakimu 7 aliweza kukokotoa chenji ya noti kubwa bila kukosea. Basi hakuanza na moja kujumlisha moja. Alianza na bei ya chupa tupu, kilo ya chuma chakavu na mfuko wa viazi, kisha akawaonyesha jinsi ya kuyaandika yale wanayoyajua.

Si wa kwanza

Mwalimu alipokata tamaa, mchungaji alikuwa akimkumbusha kwamba wengi waliofanya kazi hii walianza na kidogo. Mwaka 1780 huko Gloucester, Uingereza, mchapaji magazeti Robert Raikes aliwakusanya watoto waliofanya kazi viwandani siku sita, akawafundisha kusoma siku ya Jumapili. Mwaka 1841 padre Giovanni Bosco alianza kuwakusanya vijana wasio na makao katika mji wa Torino, Italia, naye hakuwa na jengo. Alihamahama nao kutoka uwanja hadi uwanja, akifukuzwa na majirani, hadi alipopata banda mwaka 1846. Baadaye aliwatafutia mafundi wa kuwafunza kazi, na akawataka mafundi hao watie sahihi mkataba wa kutowatesa vijana.

Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 1959 huko Nairobi, Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Starehe kwa ajili ya wavulana waliobaki bila makao baada ya Hali ya Hatari. Walianza na vibanda viwili vya mabati. Starehe leo ni shule inayojulikana Afrika Mashariki nzima.

Na katika Mbale yenyewe, tangu miaka ya 1990, shirika la Kikristo liitwalo Child Restoration Outreach limekuwa likifanya kazi na watoto wa mitaani, nalo limefika Jinja, Lira na Masaka. Njia yake inafaa kuigwa: mtoto hupewa mahali pa kuoga na kula, mtu wa kumsikiliza, na masomo ya kumwandaa, kisha hutafutiwa nafasi katika shule ya kawaida, na jamaa zake hutafutwa. Mwalimu alijifunza kutokana na kazi hiyo kwamba darasa la sokoni siyo mwisho wa safari. Ni daraja tu. Mvulana hapaswi kukaa hapo miaka saba. Anapaswa kuvuka, aingie katika shule ya wenzake, afanye mtihani wa darasa la saba kama mtoto mwingine yeyote.

Uji na imani

Shule hii ilikuwa ya Kikristo, na jambo hilo lilileta mjadala mapema. Mbale ina Waislamu wengi, na Chuo Kikuu cha Kiislamu kimekuwapo hapo tangu mwaka 1988. Kati ya wavulana 20, watano walikuwa na majina ya Kiislamu. Mjumbe mmoja wa kamati alitaka kila apokeaye chakula ahudhurie ibada. Mchungaji alikataa. Alisema kwamba yule Msamaria wa katika mfano alipomwokota mtu aliyejeruhiwa njiani hakumwuliza dini yake kwanza. Alimfunga majeraha, akalipa gharama ya nyumba ya wageni, akaahidi kupita tena. Tena, alisema, imani inayonunuliwa kwa kikombe cha uji huuzwa kwa kikombe cha chai.

Ikaamuliwa kwamba sala ya asubuhi itakuwapo, fupi, na asiyetaka ataruhusiwa kubaki nje akipanga vikombe. Ijumaa adhuhuri wale watano waliruhusiwa kwenda msikitini. Baada ya muda mzee mmoja wa msikiti huo alileta gunia la maharage, akaliweka mlangoni, akaenda zake.

Lilikuwapo pia swali la wasichana. Kwa nini shule ya wavulana tu? Jibu la kweli ni kwamba wavulana ndio waliokuwa wakionekana. Msichana aliyevunjikiwa na nyumba hafichiki sokoni; hufichwa katika nyumba za watu, akilea watoto wasio wake na kufua nguo kwa malipo ya chakula. Yule mama wa sufuria aliisisitizia kamati kwamba kila mvulana aulizwe kama ana dada, na dada yuko wapi. Mara mbili swali hilo liliwatoa wasichana mahali pabaya.

Afande na mtoto wa askari

Polisi wa mji walikuwa wakiwafahamu wavulana hawa kwa njia nyingine. Kila ulipokaribia ugeni mkubwa mjini, ilikuwa kawaida kufanya msako, na wavulana wakalala mahabusu au wakapelekwa mbali, halafu baada ya muda wakarudi. Mwalimu alikwenda kituoni kuzungumza na ofisa wa dawati la familia na watoto. Alitarajia kukaripiwa. Badala yake afande akamwambia: "Mwalimu, sisi tunakamata kwa sababu hatuna mahali pengine pa kuwapeleka. Tupe mahali." Tangu siku ile, mtoto aliyeokotwa usiku bila kosa aliletwa asubuhi barazani, na jina lake likaandikwa katika daftari.

Mmoja wa walioletwa hivyo alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu aliyenusa petroli hadi macho yakawa mekundu. Kwa muda wa majuma matatu alitaja jina la utani tu. Siku alipotaja jina lake kamili, mwalimu aliliandika kwa kalamu ya wino, jina lake, la baba na la babu, akamwonyesha. Kijana akalitazama, akauliza: "Limeandikwa? Haliwezi kufutika?"

Kidogo kidogo habari yake ikajulikana. Baba yake alikuwa askari wa jeshi. Walikaa katika nyumba za askari, na mtoto alisoma vizuri hadi darasa la nne. Baba akafariki. Nyumba ya kazi ni ya mwenye kazi. Mjane na watoto wakapewa muda, kisha wakaondoka. Walipofika kijijini, ndugu wa marehemu walikuwa wamekwisha kugawana mabati na shamba. Mama alipofuatilia haki za marehemu, iligundulika kwamba katika karatasi zake za kazi alikuwa amemwandika mtoto wa kwanza peke yake. Huyu wa pili hakuwamo. Si kwamba baba hakumpenda. Alikuwa akisema kila mwaka kwamba atashughulikia jambo hilo wakati wa likizo, na likizo ya mwisho haikufika.

Mama alikwenda Jinja kutafuta riziki. Kijana aliachwa kwa ami yake, akapigwa, akatoroka, akafika Mbale juu ya lori la mkaa.

Alipokuwa amekaa shuleni mwaka mmoja na kuacha petroli, mwalimu alisafiri naye hadi Jinja kumtafuta mama. Walipanda matatu alfajiri, wakapita Iganga, wakakiona kilima cha Mwiri upande wa barabara. Mwalimu alimwambia kwamba pale juu wamesoma wakubwa. Kijana akajibu kwamba yeye anamtafuta mama tu.

Walimkuta Masese, kandokando ya ziwa, akianika dagaa juu ya nyavu kuukuu. Alimtambua mwanawe kwa mbali, lakini hakukimbia kumlaki. Alisimama, akaziangusha dagaa, akaufunika uso kwa kanga. Maneno yake ya kwanza kwa mwalimu hayakuwa ya shukrani. Alisema: "Baba, nina chumba kimoja na watoto watatu. Huyu atakula nini?"

Mwalimu alikuwa amebeba moyoni hotuba juu ya thamani ya familia. Hakuitoa. Aliketi juu ya ndoo, wakapiga hesabu pamoja: mama alipata nini kwa siku, kodi ilikuwa kiasi gani, shule ya serikali iliyo karibu ilidai nini. Ilionekana kwamba kilichokosekana hakikuwa kikubwa: sare, madaftari, mchango wa chakula cha mchana, na mtaji mdogo wa dagaa ili mama anunue kwa wavuvi badala ya kuanika za watu wengine. Gharama yote ilikuwa chini ya ile ya kumlaza kijana mmoja bwenini kwa mwaka. Kamati ilikubali kuilipa kwa vipindi, na mtu wa kanisa moja la Jinja akaahidi kumtembelea kila juma.

Haikuwa safari nyepesi. Baada ya miezi minne kijana alitoroka tena, akarudi Mbale, akajitokeza barazani asubuhi akiwa mchafu. Hakuna aliyemkaripia. Alipewa uji, jina lake likasomwa kutoka katika daftari lile lile, na Jumamosi akarudishwa kwa mama. Mara ya pili alikaa. Ramani ya mabweni bado imo kabatini kwa mchungaji, na hakuna aliyeiulizia tena.

Kwa atakaye kuanza

Kazi ya namna hii haifanywi kwa huruma peke yake; sheria nayo ina haki yake. Nchini Uganda, sheria ya watoto ya mwaka 1996 imeweka wajibu juu ya halmashauri za mitaa kuwalinda watoto walio katika eneo lao, na afisa ustawi wa jamii hana budi kujulishwa kuhusu mtoto asiye na mlezi. Anayetaka kuwalaza watoto lazima apate kibali cha nyumba ya kulelea watoto, na anayetaka kuita mahali pake shule lazima apate leseni ya elimu na awe na walimu walioandikishwa. Masharti haya yasionekane kama usumbufu. Wako waliofungua nyumba za watoto kwa jina la Mungu wakazifanya duka la kukusanyia misaada, na mtoto ndiye aliyelipa.

Lakini somo kubwa la habari hii haliwahusu wenye nia ya kuanzisha shule peke yao. Linawahusu askari, polisi, na kila mwenye kazi inayomwweka mbali na nyumba yake. Shule ya sokoni ni dawa, na kinga ni bora kuliko dawa. Kinga hiyo haina gharama. Ni kuandika jina la kila mtoto katika karatasi za kazi mara anapozaliwa, bila kungoja likizo. Ni kumwonyesha mama mahali karatasi zilipo, na kumweleza kwa nani atakwenda siku ya shida. Ni kuweka kwa maandishi, mbele ya mashahidi, shamba ni la nani na mabati ni ya nani. Ni kumtambulisha mtoto kwa ndugu mmoja mwaminifu, angali yu hai anayemtambulisha.

Daftari la baraza lile lina majina mengi sasa, na kila asubuhi husomwa kwa sauti, uji ukiwa unapoa. Mvulana akiitwa huitika kwa jina lake lote, pamoja na la baba yake. Yafaa kila baba aliye hai ahakikishe kwamba jina la mwanawe limeandikwa kwanza na mkono wake mwenyewe, kabla halijaandikwa na mkono wa mgeni.